Gunia Amerudi Bila Sababu

Nilifungua mlango. Najua wiki jana wengi wenu mlisema nisifungue. Nilifungua, na aki ngojeni msikie vile ilienda.

Alikuwa Cliff. Cliff Mokaya yule yule, na shati yake ya maua, na kaseti ya video kwapani.

Kama leo ndio unaanza kusoma, shika hapa tu. Mimi ni Terry wa Migori, nimemaliza chuo juzi na kazi sijapata. Cliff alikuwa mwanaume wangu, na dijei wa video hall. Si dijei wa kuchezesha muziki. Ni yule anakaa kando ya TV na maiki, wazungu wakiongea kwa film yeye anawaambia watu kwa Kiswahili wamesema nini. Sauti ilikuwa ya Cliff. Maneno ilikuwa yangu. Mchana mimi naangalia film peke yangu, naitafuna, halafu namlisha. Mwenye hall alikataa katakata nishike maiki. Alisema sauti ya msichana haiwezi kutisha mtu.

Kulikuwa na film moja ikashinda zote. Muuaji amevaa gunia kichwani, haongei, anachinja watu kwa shamba ya mahindi. Migori yote ikamwita Gunia. Yule msichana aliyebaki hai nikamwita Awino, kwa sababu jina lake la kizungu ilishinda watu. Gunia nilimpa huzuni. Awino nikampa akili. Watu walilia, wakarudi kesho yake, wakalia tena pale pale.

Halafu Cliff akahamia Homa Bay na Rael, msichana wa Rangwe tuliyelala naye chumba kimoja chuoni. Akanibebea na Gunia wangu. Huko Homa Bay wameandika ukutani: DIJEI CLIFF, BABA YA GUNIA.

Baba! Na mimi ndio nilizaa.

Sasa huyo baba alikuwa amesimama kwa mlango wangu.

"Umekuja kurudisha nini?" nikamuuliza.

"Terry, usianze. Angalia." Akatoa kaseti kwapani. "Gunia namba mbili."

Sitawadanganya, moyo iliruka. Si kwa Cliff! Kwa kaseti.

"Iko kweli?"

"Iko. Issack, mwenye hall yetu, ameitoa Nairobi. Tunaonyesha Jumamosi mchana. Homa Bay yote inangoja kujua huyu mtu ni nani na kwa nini anaua. Nitafunie, Terry. Hii moja tu."

"Kwani Rael hana meno? Si tulikuwa darasa moja, Kizungu anajua."

"Rael aliiangalia peke yake, anasema alilala katikati. Mimi sijaiona, unajua huwa nangoja kulishwa."

Nikacheka mpaka jirani akachungulia. Chuo kizima ilijua Rael hana maneno. Ukimwambia akusimulie harusi, anakuambia watu walikula wakaenda nyumbani.

"Na nikikataa?"

Cliff akaangalia viatu. "Issack ameita dijei mwingine kutoka Kisumu. Atakaa hapo mlangoni Jumamosi akiniangalia. Watu wakifurahi, nabaki. Watu wakinizomea, maiki inaenda."

Hebu fikirieni vile nilisikia. Mtu ameniibia stori, ameniibia rafiki, ameniibia hata sifa, halafu anakuja mpaka kwangu kuniambia kisu iko wapi na shingo yake iko wapi.

"Lete kaseti," nikasema. "Ukuje kesho kuichukua. Na pole kwa safari."

Akanishukuru. Yawa, alinishukuru!

Video deki nilipata kwa kina Shamima, wale wenye duka ya vyombo. Shamima ni shabiki wa Gunia kushinda mimi. Alifunga pazia, akaleta chai na mahamri, tukakaa chini kama watu wako kanisani.

Dakika ya kwanza, Gunia huyo. Amesimama kando ya barabara, gunia kichwani, panga mkononi.

"Terry," Shamima akasema, "huyu si alizama?"

"Alizama." Film ya kwanza iliisha akizama kwa bwawa. Awino alimfunga jiwe. Tuliona maji ikifunga juu yake.

"Maji ilimtema?"

"Hawajasema."

"Na jiwe je?"

"Nyamaza, watasema mbele."

Hawakusema mbele. Hawakusema nyuma. Mtu amezama na jiwe, amerudi amekauka, gunia imepigwa pasi.

Halafu wakamleta Awino. Tukapiga makofi. Awino wetu! Kumbukeni film ya kwanza huyu msichana alikuwa analala na viatu. Alikuwa anaweka sufuria nyuma ya mlango ndio mtu akifungua asikie. Awino alichoma shamba nzima ya mahindi ndio Gunia akose pa kujificha.

Sasa huyu Awino anasikia kitu inavunjika nje. Anafanya nini? Anauliza, "Nani hapo?" Halafu anaingia kuoga. Mlango wazi. Anaimba.

"Awino gani anaacha mlango wazi?" Shamima akapiga kelele.

Hata chai ilikuwa bado moto. Awino alikufa chai ikiwa bado moto! Hakupigana, hakukimbia, hakusema neno. Walimmaliza kama kuku ya wageni, halafu film ikaendelea na vijana wengine ambao hakuna mtu anawajua, wameenda kupiga kambi kwa lile lile shamba. Shamba ilichomwa! Mahindi imerudi imepita kichwa!

Na hao vijana, jameni. Mmoja akipotea, wote wanaachana kumtafuta, kila mtu na upande wake, mwenye tochi anaiacha kwa gari. Simu imekatwa waya, tumeona ikikatwa, halafu baadaye msichana anapigia mama yake na ile ile simu. Polisi anapata gunia yenye damu, anaiweka kwa droo, anafunga, na hiyo droo haifunguliwi tena mpaka film inaisha. Mimi nilikuwa nangoja droo. Nilingoja hiyo droo kuliko vile niliwahi kungoja barua ya kazi.

"Labda ni mwisho ndio tamu," Shamima akanibembeleza.

Mwisho ikafika. Gunia ameangushwa, msichana mmoja anashika ile gunia kichwani, anaivuta polepole. Shamima amenishika mkono mpaka kucha zimeingia.

Gunia ikatoka. Chini yake kulikuwa na mzee wa kizungu. Upara. Masharubu ya kijivu.

Tukaangaliana na Shamima.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikasimama. Haki nilisimama mbele ya TV nikaiuliza, "Wewe ni nani?"

Hatukuwa tumemuona popote. Si kwa ya kwanza, si kwa ya pili. Hakuwa baba ya mtu, hakuwa jirani, hakuwa hata mtu wa kuuza petroli. Polisi akasema, "Ni yeye," na film ikaisha. Kwa nini alikuwa anaua? Hakuna mtu aliuliza. Yeye mwenyewe alinyamaza tu hapo na masharubu yake.

Nikangoja majina ya mwisho ndio nione aliyeandika. Nilitaka kumjua. Nilitaka nijue jina lake nilale nayo. Watu watatu! Watu watatu wazima, wamelipwa, wamekaa kwa meza, wakakubaliana kwamba Awino afe akiimba.

"Kama wangekuwa Migori," nikamwambia Shamima, "ningewafunga jiwe mimi mwenyewe."

"Wako mbali," Shamima akasema. "Lakini Cliff yuko karibu. Mwambie ukweli tu vile film iko. Itammaliza yenyewe."

"Hapana. Nikimwambia ukweli, watu watatukana film. Mimi nataka watukane yeye."

Na hapo ndio nilitega. Sikieni vizuri, kwa sababu hii ndio niliyofanya na sijutii kuanza kwake.

Cliff ni Mkisii. Dholuo yake, Kijaluo yaani, ni ya kununua samaki. Aliporudi kuchukua kaseti, nilimkalisha nikamlisha film nzima pole pole, na ndani nikaweka vitu viwili.

Cha kwanza. "Yule anauawa bafuni mwanzo si Awino. Ni pacha wake. Awino mwenyewe amejificha, utamsikia baadaye."

"Pacha!" Cliff akapiga goti. "Hiyo ni kali!"

Wasomaji wangu wa Kijaluo mshaanza kucheka. Wengine, niwaambie: kwetu pacha hachaguliwi jina. Anayetangulia ni Apiyo, anayefuata ni Adongo, na hata mtoto mdogo anajua. Awino ni jina la mtoto aliyezaliwa na kitovu imemzunguka. Ukisimama mbele ya Homa Bay nzima useme Awino ana pacha, ni kama umewaambia maji ya ziwa ni maziwa.

Cha pili. "Mwisho Gunia anavuliwa gunia, na ni mtu wanamjua. Sikuambii nani, wewe mdomo yako haikai. Waahidi tu kwamba wataona sura wanayoijua. Nitakuwa hapo mbele. Ikifika, nitakunong'onezea."

Akaniangalia. Macho ikajaa maji. "Terry, sikujua utanisamehe."

"Na mimi sikujua," nikamwambia.

Mpango ilikuwa hivi. Wamzomee kwa pacha, wammalize kwa masharubu. Kelele ikipanda, mimi nasimama, nashika maiki kabla ya huyo wa Kisumu, na nawaambia mzee ni nani. Kwa sababu nilikuwa nimeshapata! Kwa film ya kwanza kuna mwenye shamba anayepiga simu mara moja, tunasikia sauti yake tu, hatumuoni. Nikasema ndio yeye huyo. Awino alimchomea mahindi yake yote. Ona sasa, mzee ana sababu! Watu watatu walishindwa, mimi nimeipata nikiosha vikombe vya Shamima. Maiki ingekuwa yangu Jumamosi hiyo hiyo, mbele ya watu, na hakuna mtu angesema tena sauti ya msichana haitishi.

Jumamosi nikaingia Homa Bay na rinda jekundu. Mtu akienda kushinda anavaa.

Hall ya Issack iko nyuma ya soko. Madirisha yamezibwa na magunia ya mchele ndio mwanga isiingie, kwa hivyo Gunia anakuangalia hata kabla ya film kuanza. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwa mlango. Wengine wamevuka ziwa kutoka kisiwa cha Mfangano na harufu ya samaki yao.

Issack mwenyewe alikuwa mlangoni. Kando yake kijana wa koti ya jinzi na kofia, anatafuna kijiti. Huyo wa Kisumu.

"Abaayo, wewe ndio Terry?" Issack akaniuliza. "Cliff amesema nikuwekee kiti mbele."

"Mimi ndio mwenye maneno."

"Maneno sawa. Maiki hapana." Akacheka. "Wallahi, msichana akitisha watu hapa, nitafunga biashara niuze mandazi."

Nikamwambia, "Anza kununua unga."

Kiti yangu ilikuwa mstari wa mbele. Na kiti ya kando yangu alikuwa amekaa nani? Rael.

Hatukuwa tumeonana tangu aondoke na masanduku yake na mwanaume wangu. Amenenepa vizuri. Amesuka.

"Terry."

"Rael."

"Rinda imekupendeza."

"Nasikia film ilikulaza."

"Si unajua mimi," akasema, na akafungua njugu, akanipa. Nikala njugu yake. Mjinga mimi, nilimhurumia hata kidogo.

Taa zikazimwa. Cliff akashika maiki.

"Homa Bay!"

"Eeeh!"

"Mlisema Gunia amezama?"

"Eeeh!"

"Gunia anawaambia, nyinyi ndio mtazama!"

Watu wakalia kwa furaha. Hiyo laini ilikuwa yangu. Kwa sauti yake, sitakataa, ilinipandisha nywele.

Awino akaingia bafuni. Panga ikaingia. Hall yote ikalia: "Awino! Awino yawa!" Mama mmoja akaanza kujifunga leso kichwani kama ameletewa habari za mtu wake.

"Tulieni! Tulieni!" Cliff akapaza. "Huyo si Awino! Huyo ni pacha wake! Awino yuko hai!"

Nyuma kabisa, Fanuel, fundi mmoja wa baiskeli mwenye mdomo, akasimama juu ya benchi.

"Omera, umesema pacha?"

"Pacha!"

"Sasa kama ni pacha, mbona anaitwa Awino? Mwenzake ni nani, Apiyo ama Adongo? Ama huyu mtoto alizaliwa Kisii?"

Hall ikapasuka. Kicheko, miluzi, ganda za njugu zikaruka. "Dijei rudi shule!" "Mpe maiki mwingine!" Cliff amejikinga uso na mkono. Kwa mlango, wa Kisumu ametoa kijiti mdomoni.

Mimi? Mimi nilikuwa naruka ndani ya ngozi yangu. Niliangalia Cliff akitafuta macho yangu kwa giza, nikajifanya nafunga kiatu.

Hapo ndio mama mmoja alisimama. Mkubwa, mweusi, mikono kiunoni. Mama Maurice wa Mfangano, muuza omena, zile dagaa za ziwa.

"Fanuel, kaa chini! Nyinyi wote kaeni chini! Mnacheka nini na hamjui uchungu ya watu?"

Watu wakapungua sauti.

"Mama ya Awino alizaa pacha. Na alikuwa mtu wa kanisa, amekataa mambo ya zamani. Akaogopa ile sherehe ya pacha, watu wakuje wamwimbie matusi mbele ya pasta wake. Kwa hivyo akaficha. Mmoja akapewa jina ya mtoto wa kawaida, Awino, ndio watu wasijue. Na mwingine je? Mwingine alitolewa kwa nyumba siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga, hajanyonya. Ametolewa amefungwa na nini?"

"Na gunia," akasema mama mwingine kwa sauti ndogo.

"Na gunia!" Mama Maurice akapiga kelele. "Ndio maana hawezi kuitoa kichwani! Hiyo ndio ilikuwa nepi yake!"

Jameni.

Jameni, nilisahau nilikuja kuua mtu. Nywele zote zilisimama. Ilikuwa tamu! Ilikuwa imeziba kila shimo. Kwa nini anaua. Kwa nini haongei. Kwa nini anamtafuta Awino kila film, ni dada yake aliyewekewa maziwa yeye akiwekewa gunia! Wale watu watatu na mishahara yao, na muuza omena amewashinda amesimama.

Na Cliff si mjinga wa kukosa lifti. "Mama amesema!" akanguruma kwa maiki. "Nilikuwa nangoja nione nani ana akili hapa! Na huyo wa bafuni?"

"Alikuwa wa tatu!" Fanuel mwenyewe akajibu, amepiga magoti kwa benchi, ameokoka.

"Walikuwa watatu, sura moja, Homa Bay! Na leo, gunia ikitoka hiyo kichwa, mtaona sura mnayoijua. Mtaona sura ya nani?"

"Awinooo!"

"Nani?"

"AWINOOO!"

Hall ilitetemeka. Issack amecheka, amemgonga wa Kisumu begani kama kumwambia pole. Cliff amekuwa mfalme. Mtego wangu umemvalisha taji.

Nilikasirika dakika mbili. Halafu nikahesabu na nikatulia. Amewaahidi nini? Sura ya Awino. Na nini inakuja? Upara na masharubu. Sikuwa nimemwambia hiyo, amejipika mwenyewe, na amewasha moto kushinda ile nilikuwa nimewasha mimi. Mwache apande. Akianguka kutoka huko juu, hata Rongo watasikia.

Kwa hivyo nikakaa. Film ikaenda, vijana wakachinjwa mmoja mmoja. Na kwa sababu sasa Gunia ana mama na ana uchungu, watu walikuwa wanamlilia yeye. Akiua mtu wanasema, "Mos, nyathina. Mos," yaani pole, mwanangu. Polisi akafungia ile gunia yenye damu kwa droo, Mama Maurice akalia, "Wamemfungia mtoto nepi yake!" Hata droo ikapata maana. Hata droo!

"Imekuwa stori nzuri, sindio?" Rael akanong'ona.

"Imekuwa. Huyo mama ana kichwa."

"Ni shangazi yangu."

Nikamgeukia. Alikuwa anaangalia TV, anatafuna polepole.

"Nani?"

"Mama Maurice. Dada ya baba. Alilala kwetu jana." Akachukua njugu ingine. "Ilibidi nimfundishe mara mbili. Hiyo ya nepi ameongeza mwenyewe, lakini."

Njugu ikanikwama.

"Cliff alirudi kutoka kwako amefurahi kama mtoto," akaendelea, pole pole, kama mtu anasimulia harusi. "Pacha, pacha. Mimi ni nyar Rangwe, Terry, binti wa Kijaluo. Ulidhani mimi ndio sijui pacha wanaitwa nani? Nikajua hujasamehe mtu. Nikajua umekuja kutuzika mbele ya watu wa kwetu."

"Lakini Cliff alisema ulilala."

"Sikulala."

Kwa TV, Gunia alikuwa ameangushwa. Yule msichana wa mwisho anatambaa kumkaribia.

"Niliiona mpaka mwisho," Rael akasema. "Ni film mbaya sana. Huyo mzee wa masharubu, hata mimi sikumpatia sababu. Nilijaribu usiku mzima."

"Rael, sasa si umwambie Cliff azime! Ataaibika, ni bwana yako!"

"Hataaibika." Mara ya kwanza akanigeukia, na kumbe anatabasamu. "Jana nilimwambia amefanya vizuri kukuita. Nikamwambia mwisho ikifika aonyeshe heshima. Mwenye maneno amekuja mpaka hapa na rinda jekundu, na mwisho anaijua peke yake. Apewe amalizie. Chuo kizima ulisema sina maneno, Terry. Hebu tusikie yako."

Nikainuka nikimbie. Nimechelewa.

"Homa Bay!" Cliff alikuwa amesimama, jasho inang'aa, na sauti yake, mjue hiyo sauti naijua, ilikuwa inatetemeka na mapenzi ya kweli. "Hii stori yote ina mwenyewe. Si mimi! Nimewadanganya ukutani, mimi si baba ya Gunia. Mama yake huyu hapa, nyar Migori! Terry, shika, waonyeshe sura!"

Mwaka mzima nimengoja mtu aseme hayo maneno mbele ya watu. Na ameyasema.

"Terry! Terry! Terry!"

Maiki ikapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono. Aliyeniwekea mkononi alikuwa Rael. Akazifunga vidole zangu juu yake, moja moja, kama mtu anamshikisha mtoto kijiko.

Ile ya mwenye shamba, nikaitafuta kichwani. Bure. Nani atataka mwenye shamba? Hall nzima imeahidiwa Awino. Mama Maurice ameshatoa leso ya kufutia machozi. Fanuel yuko juu ya benchi. Issack amekuja mpaka mbele amekunja mikono, anangoja kuona kama atauza mandazi, na yule wa Kisumu amevua kofia.

Kwa TV mkono umeshika gunia. Ikaanza kupanda. Shingo. Kidevu.

"Sema, Mama Gunia!" watu wakapiga kelele. "Ni nani?"

Nikaleta maiki mdomoni, na masharubu ikaanza kutokea.